Ukuta wa Ghala, Kilimatinde

Nilikwangua matabaka matano:
la kijani la juzi, la krimu la idara,
mawili ya chokaa, moja la rangi ya samli iliyochacha,
ndipo skrepa ikagonga weusi.
Nikadhani masizi. Nikatemea kidole mate, nikasugua.
Masizi hayana pembe.
Huyu alikuwa nazo, pana kuliko mwili,
na nyuma yake wenzake, jumla kumi na saba,
mmoja katiwa doa kwa ukucha,
maana aliyemchora alikuwa anamjua.

Hapa husemwa, nami nasema kama nilivyosikia,
kwamba wakati wa vita vya Mjerumani
ghala hili liliwekwa watoto,
rehani, ili baba zao wasitoroke na mizigo njiani.
Baba akitupa sanduku la risasi porini,
huku mwanawe hali.

Michoro iko usawa wa kiuno changu,
ya waliokaa, ya waliochoka kusimama.
Vita havimo. Nilitafuta bunduki, sikuiona.
Kuna chungu. Kuna uwele, suke kwa suke,
punje zimehesabiwa kama hela.
Kuna tembe, paa lake mstari mmoja mnyoofu,
na mlango ambao ng'ombe wote kumi na saba
wangeupita sambamba.
Mlinzi yumo: kofia, buti, vifungo sita vya koti,
uso mtupu.

Akaja daktari kutoka Mirembe, Bi Nhonya,
akapiga magoti vumbini, futi yangu mkononi.
"Mtoto huchora anachoweza kukiamuru," alisema.
"Hapa aliwaamuru ng'ombe warudi.
Mlinzi akamnyima uso. Nguvu iliyombakia ni hiyo."
Nikakubali. Mimi mwenyewe, nikishachapwa,
nilimchora mwalimu mchangani, mdomo nikausahau makusudi.
Kisha akafika kwenye safu ndefu ya watu wembamba
wasio na mikono.
Akaandika: *wanajiona hawana uwezo.*

"Daktari, subiri kidogo.
Mimi nimebeba saruji miaka ishirini na miwili.
Tazama vichwani. Zile si nywele, ni mizigo.
Mikono ipo. Imepanda, imemezwa na mzigo.
Hawa ni baba zao, kama walivyowaona mara ya mwisho,
kwa mgongo."
Hakunijibu. Alifuta alichoandika
hadi karatasi ikatoboka.

Mchoro mmoja tu ulikuwa juu, kupita kichwa changu:
mraba, na ndani yake duara.
Jua, au jicho, au uso wa mtu anayechungulia.
Ghala hili halina dirisha.
Kwa hiyo mtu alimbeba mtu mabegani ili lichorwe.
Nami, sijui kwa nini, humuwaza zaidi yule wa chini,
magoti yakimtetemeka, amebeba kama baba yake,
haoni anachochorewa,
anauliza, bado? bado?

Mkandarasi akapiga simu. Ofisi inafunguliwa Ijumaa,
ukuta uwe mweupe.
Bi Nhonya aliandika barua, nakala tatu.
Barua ina mwendo wake,
na Ijumaa ina wake.

Nilipaka. Sikatai, nina ada za shule.
Nilianza na mlinzi, nikaacha dirisha liwe la mwisho,
brashi ikawa nzito kama imelowa lami.
Lakini fundi yeyote atakwambia,
chokaa hushikwa na chumvi,
na paa la ghala lile, upande ule,
linavuja tangu enzi za baba yangu.

Jioni mke wangu, Mbeleje, akafungua mfuko wa kazi.
"Kilo mbili za chumvi! Si ulisema ni za ukutani?"
Nikamwambia aziweke jikoni,
nikauliza kama amesikia lolote redioni
kuhusu mvua za Desemba.